Tokea chumvi ya mawe hadi leza: mama zetu wasiuziwe moto kwa jina la dawa

Wasomaji wetu wamezowea kutukuta hapa tukizungumzia katiba, uchaguzi, wafungwa na wakimbizi. Leo tunaomba ruhusa ya kuzungumzia jambo ambalo kwa desturi yetu husemwa kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia, baina ya mwanamke na somo wake. Nalo ni mkojo unaomtoka mwanamke bila ya hiari yake, ukavu na maumivu ya uke baada ya kukoma hedhi, na mashine za leza na mawimbi ya redio ambazo leo zinauzwa kuwa ndiyo dawa ya yote hayo. Wako watakaosema kuwa hili si la gazeti. Sisi tunasema ni la gazeti hasa, kwani pale ambapo mgonjwa hawezi kusema na mwenye bidhaa anasema usiku na mchana, hapo ndipo kazi ya gazeti inapoanza.

Lililotufikisha hapa ni simu. Shangazi yetu mmoja anayeishi Ibra, mwanamke aliyeondoka Unguja akiwa msichana baada ya Mapinduzi ya 1964 na akazaa watoto 9, alitupigia akasema: "Mwanangu, wewe unayesoma Kizungu, nisomee karatasi hii." Karatasi yenyewe aliileta kwa picha. Ilikuwa ya zahanati moja ya binafsi ya mjini. Upande wa Kiarabu uliahidi kila kitu: dakika chache, bila ya kisu, bila ya maumivu, mkojo ukome na mwili urudi ulivyokuwa. Upande wa Kiingereza, chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, palikuwa na maneno ya kuwa matokeo hutofautiana baina ya mtu na mtu na kwamba zahanati haitoi dhamana. Upande wa Kiarabu maneno hayo hayakuwepo. Na shangazi alikuwa ameshautoa mkufu wake sandukuni ili auuze.

Tulimuuliza kwa nini hakwenda hospitali ya serikali, ambayo haiko mbali na nyumba yake. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Nitamwambia nani pale? Mkalimani ni mtoto wa jirani."

Ndugu wasomaji, jawabu hilo ndilo lililotufanya tukae kitako tuandike.

Tuanze na maradhi yenyewe, kwa sababu wengi wanayajua kwa shida zake wala hawayajui kwa jina. Mwanamke anapofika umri wa miaka hamsini hivi, hedhi hukoma na homoni ya estrojeni hupungua mwilini. Ngozi ya uke na ya njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu. Hapo ndipo yanapokuja mawasho, maumivu ya tendo la ndoa, haja ya kukojoa kila mara, na mkojo mchafu unaorudi kila baada ya miezi. Inakisiwa kuwa kiasi cha nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupatwa na dalili hizi kwa namna moja au nyengine. Mwaka 2014 madaktari walikubaliana kuziweka dalili zote hizo chini ya jina moja, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja.

Kuvuja mkojo nako kuna aina zake. Kuna ule unaotoka mtu akikohoa, akicheka, akipiga chafya au akinyanyua ndoo. Huo hutokana na kulegea kwa misuli ya sakafu ya nyonga, na aghlabu chanzo chake ni uzazi. Kuna ule unaokuja kwa ghafla, mtu hawahi kufika msalani. Na kuna wenye yote mawili. Unene, kisukari, kikohozi cha muda mrefu na kufunga choo huzidisha. Tukumbuke kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Oman alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya 8. Wanawake wale ndio mabibi wa leo wa Ibra, Sur na Nizwa. Kisukari nacho kimeenea Ghuba nzima. Kwa hiyo tusijidanganye kuwa shangazi yetu yuko peke yake. Wako majirani zake, wako wanaokutana naye kwenye soko la wanawake la Jumatano pale Ibra, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Na hasara yake si ya nguo kuloa tu. Wako wanaoacha kwenda arusini na matangani. Wako wanaoacha kunywa maji siku ya safari, katika joto la Sur, ili wasiaibike njiani, na mkojo ukizidi kuwa mkali kibofu nacho kinazidi kuwashwa. Wako walioacha tarawehe msikitini kwa kuchelea udhu wao. Kwa hili la mwisho wanavyuoni hawakutuacha gizani: mwenye mkojo usiozuilika hutawadha kwa kila sala baada ya wakati kuingia, akasali, wala halaumiwi kwa kinachomtoka bila ya hiari yake. Dini imempa nafasi, lakini sisi watu tumemfungia mlango.

Sasa tuje kwenye mashine. Zinazotangazwa zaidi ni za namna mbili. Moja ni ya leza, ambayo huingizwa ukeni na kupiga vitone vidogo vidogo vya moto juu ya ngozi. Hoja ya waiuzao ni kwamba ngozi ikijeruhiwa kidogo hujijenga upya, ikawa nene na yenye majimaji. Ya pili hutumia mawimbi ya redio kuipasha nyama moto ili ikazane. Mwanamke huambiwa aje mara tatu, baina ya kila mara wiki kadhaa, kisha arudi kila mwaka "kukazia". Hoja hiyo kwa masikio ni tamu. Suali ni moja tu: je, imethibiti?

Mashine hizi hazikutoka mbinguni, zilitoka katika viwanda vilivyokwisha kuwa na leza za ngozi na za upasuaji. Kwa sheria ya Marekani, chombo kinachofanana na chombo kilichokwisha kuruhusiwa kinaweza kuingia sokoni bila ya kufanyiwa majaribio makubwa kwa kila maradhi. Ndivyo ilivyokuwa. Ziliruhusiwa kwa kazi ya kukata na kuchoma nyama kwa jumla, na kwa mambo mahsusi kama kuondoa vinyama au kuteketeza seli zinazoelekea kuwa saratani. Kutoka hapo wafanyabiashara wakaruka hadi kuuza ujana. Neno "imeruhusiwa Marekani" likabandikwa kila pahala, wala hapakusemwa imeruhusiwa kwa kazi gani.

Tarehe 30 Julai 2018, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la hadharani. Ilisema haijaidhinisha chombo chochote cha aina hii kwa ajili ya kile kinachoitwa kuurudishia uke ujana, wala kwa kutibu dalili za kukoma hedhi, kuvuja mkojo au matatizo ya tendo la ndoa. Ilisema imepokea taarifa za wanawake walioungua, waliobaki na makovu, wenye maumivu wakati wa tendo la ndoa na wenye maumivu yasiyokwisha. Kampuni 7 ziliandikiwa barua zijieleze kuhusu matangazo yao. Hiyo ndiyo Marekani ambayo jina lake limebandikwa kwenye karatasi ya shangazi.

Mwaka uliofuata, 2019, jumuiya mbili za kimataifa za wataalamu wa maradhi haya zilitoa waraka wa pamoja zikasema leza isitumike kama tiba ya kawaida mpaka ushahidi upatikane. Mwezi Mei 2021 taasisi ya NICE, inayoishauri huduma ya afya ya Uingereza, ilisema leza ya ukeni itumike ndani ya utafiti tu, kwa ukavu wa kukoma hedhi na kwa kuvuja mkojo pia.

Kisha ukaja utafiti ambao wengi walikuwa wakiusubiri. Madaktari wa Sydney, Australia, waliwachukua wanawake 85 waliokoma hedhi wakawagawa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipigwa leza ya kweli mara tatu. Kundi la pili liliingiziwa mashine ile ile, ikalia kama inavyolia, lakini nguvu yake imeteremshwa hata haifanyi kazi ya maana. Wanawake wenyewe hawakujua nani kapata nini. Baada ya miezi 12 walipimwa. Matokeo yalichapishwa Oktoba 2021 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA: hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi mawili. Waliopigwa leza walipata nafuu kiasi, na waliopigwa leza ya uongo walipata nafuu kiasi.

Hapa ndipo penye somo. Mtu anayesema "mimi nilifanya, nikaona nafuu" hasemi uongo. Ameona nafuu kweli. Lakini nafuu huja kwa njia nyingi: kwa matumaini, kwa kusikilizwa na daktari kwa mara ya kwanza, kwa maradhi yenyewe kupanda na kushuka. Ndiyo maana neno la jirani haliwezi kuwa ushahidi, hata jirani akiwa mkweli.

Tutende haki kwa upande wa pili. Zipo tafiti zilizoripoti manufaa, ingawa nyingi ni ndogo, za miezi michache na hazikuwa na kundi la kulinganishia. Wapo madaktari wa kweli wanaoendelea kuchunguza, hasa kwa ajili ya wanawake waliougua saratani ya matiti ambao daktari wao anawazuia homoni. Wala si kila anayepigwa leza huungua. Katika majaribio yanayosimamiwa vizuri madhara makubwa yalikuwa machache. Sisi hatusemi mashine hizi ni uchawi. Tunasema kitu ambacho bado kinajaribiwa kiitwe jaribio, na mtu anayejaribiwa haombwi mkufu wake.

Tamaa hii haikuanza na umeme. Wazee wa Ghuba wanaijua chumvi ya mawe. Mwanamke akishajifungua, akitiwa chumvi ukeni kwa siku kadhaa ili akaze, akauke na arudi kama mwari. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wakimtunza mzazi kwa walichokijua. Madaktari waliofanya kazi katika nchi hizi miaka ya 1950 waliandika katika majarida yao waliyoyaona: nyama iliyoungua kwa chumvi hupona kwa kovu, kovu huziba njia, na mtoto wa pili hapati pa kutokea. Kwa upande wetu wa pwani ya Afrika Mashariki tunayo shabu na mitishamba inayouzwa mitaani hadi hivi leo kwa ahadi ile ile. Kubana, kukausha, kurudisha usichana. Jana ilikuwa chumvi, leo ni leza, na katika yote mawili mwili wa mwanamke unajeruhiwa makusudi kwa kutumaini kuwa kovu litakuja na neema.

Na tusidhani kuwa wakubwa wa dunia hawakosei. Kwa miaka mingi wanawake wa Ulaya na Marekani walitiwa wavu wa plastiki kwa kuvuja mkojo na kushuka kizazi, wakiambiwa ni jambo jepesi. Wengi waliobaki na maumivu waliambiwa ni mawazo yao tu. Uingereza ilisitisha wavu huo kwa kuvuja mkojo Julai 2018, Marekani ikapiga marufuku uuzaji wa ule wa kushuka kizazi unaotiwa kupitia ukeni mwezi Aprili 2019, na Julai 2020 ripoti ya Baroness Cumberlege ikaeleza jinsi wanawake wale walivyopuuzwa. Kama wao wenye mabunge na magazeti walichukua miaka kusikilizwa, atasikilizwa lini bibi wa Wadi Bani Khalid au wa Bahla?

Sasa msomaji atauliza: basi afanye nini huyo shangazi? Hapa tuna habari njema, na inatusikitisha kwamba habari njema haina mtu wa kuitangaza kwa kuwa haina faida kubwa ndani yake.

Kwa mkojo unaotoka kwa kikohozi na kicheko, tiba ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaandikia mwaka 1948. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 na mtandao wa Cochrane ulionyesha kuwa kati ya wanawake wenye kuvuja kwa namna hii waliofanya mazoezi, asilimia 56 walisema wamepona, na kati ya wasiofanya ni asilimia 6. Mazoezi yenyewe hayana gharama. Mwanamke hukaza misuli kama anayezuia upepo na mkojo kwa pamoja, akashikilia kwa sekunde chache, akaachia, mara 8, angalau mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu bila ya kukata tamaa. Asijizoeze wakati wa kukojoa, wala asizuie pumzi. Mwenye kusali ana nyakati tano zilizokwisha kupangwa: kila akimaliza uradi wake afanye mara 8. Wengi hukosea misuli, ndiyo maana inafaa mara ya kwanza kuelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mwenzake.

Kwa ukavu na maumivu ya baada ya kukoma hedhi, yapo mafuta ya kulainisha yasiyo na homoni, na ipo estrojeni ya kutia ukeni, ya krimu au kidonge kidogo. Dozi yake ni ndogo na inayoingia katika damu ni kidogo sana, nayo hupunguza pia kurudi rudi kwa mkojo mchafu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Kwa anayekwenda msalani mbio, kupunguza kahawa na chai kali husaidia, na kukizoesha kibofu kusubiri kidogo kidogo husaidia. Lakini maji asiyaache. Kwa kizazi kilichoshuka ipo pete inayotiwa na kutolewa, na upo upasuaji kwa anayeuhitaji.

Na zipo dalili ambazo hazingoji. Damu inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma, na damu katika mkojo, ni za kupelekwa hospitali mara moja, maana zinaweza kuwa mlango wa saratani. Hapa iko hatari nyengine ya zahanati za urembo: anayekuja kuuza leza hatafuti ugonjwa, anatafuta mteja. Vile vile binti anayetokwa na mkojo mfululizo, mchana na usiku, baada ya uchungu wa muda mrefu, huyo ana fistula. Tiba yake ni upasuaji, nao unafanywa na mabingwa katika hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam na Panzi ya Bukavu. Leza haina kazi hapo.

Tuna maneno kwa wahusika. Oman haikosi uwezo. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na hospitali za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka Oman nafasi ya 8 kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wake wa afya. Nchi iliyofanya hayo katika miaka thelathini haishindwi na hili. Tunaiomba Wizara ya Afya mambo matatu. Kwanza, kila zahanati inayotangaza mashine hizi ilazimishwe kuandika kwa Kiarabu kinachosomeka, si kwa Kiingereza cha chini ya karatasi, kwamba manufaa hayajathibiti na madhara ni haya na haya. Pili, yawepo madaftari ya kuandikia walioungua na walioumia, ili tujue idadi yao badala ya kukisia. Tatu, hospitali za Ibra, Sur na Nizwa ziwe na siku maalumu ya wanawake wenye maradhi haya, chini ya daktari mwanamke na mtaalamu wa mazoezi mwanamke. Na kama ipo, itangazwe misikitini, masokoni na redioni. Hakuna sababu ya bibi kusafiri saa mbili hadi Maskati kufuata kitu ambacho angefundishwa mtaani kwake. Na mkalimani wa bibi anayesema Kiswahili au Kibaluchi asiwe mtoto wa jirani.

Kwa madaktari: ulizeni nyinyi. Mwanamke aliyekuja kwa kisukari au presha hataanza kusema. Suali moja la upole, mlango ukiwa umefungwa, linatosha.

Kwa waume: mke akikukimbia kitandani kwa maumivu, usimpeleke kwenye mashine ya kubana. Huenda tatizo si kulegea, ni ukavu, na kumbana ni kumuongezea adhabu.

Na kwa sisi watoto tulioko ughaibuni, tunaotuma fedha kwa kila tunachoombwa: kabla ya kutuma, tusome. Wako kati yetu, kama mwandishi huyu, ambao hawawezi kurudi kuwashika mama na shangazi zao mkono hadi kwa daktari. Lakini kusoma karatasi tunaweza, na kusema ukweli tunaweza.

Shangazi tulimsomea karatasi yote, pamoja na ule mstari wa chini. Alicheka kwa uchungu, akasema mamake alitiwa chumvi na yeye alikuwa karibu kutiwa moto. Mkufu umerudi sandukuni. Safari hii binti yake, ambaye kwa miaka yote hakuwa akijua kinachomsibu mama yake, amempeleka hospitali. Tunamuombea afya, na tunawaombea wengine wapate wa kuwasomea.

Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humuumbua. Sisi tunaongeza: anayemfanya mgonjwa aone haya kuyataja maradhi yake naye ana sehemu yake katika kilio hicho.